Usinipe mche, nionyeshe trekta imepita wapi

Kila mwaka mvua ndefu zikianza, simu yangu hujaa picha za watu wameshika miche. MCA ameshika mche. Meneja wa benki ameshika mche, amevaa gambuti mpya zenye bado zinang'aa. Msanii wa gengetone ameshika mche na miwani ya jua, na kumenyesha. Sina ugomvi na mche. Lakini miaka yote nimekuwa kwenye hii intaneti, hakuna mtu amewahi kunitumia picha ya mche ambao haukupandwa na mtu yeyote. Ule uliojiotea wenyewe chini ya paini kule Elburgon, ukakaa kivulini miaka mitatu minne ukingoja jua. Siku paini iliangushwa na jua likafika, tairi la trekta likafika nalo.

Ndio huo nataka tuuongelee leo. Posti ni ndefu, kaa chini.

Kwanza historia kidogo, na msikimbie. Tarehe 24 Februari 2018 William Ruto, wakati huo akiwa Naibu wa Rais, alitangaza kwamba ukataji miti kwenye misitu ya umma umesimamishwa kwa siku 90. Hizo siku 90 zikazaa miezi, miezi ikazaa miaka. Tarehe 2 Julai 2023, sasa akiwa Rais, akasimama hapa kwetu Molo akasema marufuku imekwisha, kwamba miti iliyokomaa inaozea msituni huku watu wakikosa mbao. Chama cha Mawakili kikakimbia kortini, na tarehe 1 Agosti mwaka huo huo mahakama ya mazingira ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Tangu hapo nchi imegawanyika mara mbili kama mashabiki wa Gor na Ingwe.

Upande mmoja, ambao mara nyingi unaposti kutoka Nairobi, unasema usikate hata mti mmoja. Upande mwingine, ambao mara nyingi una mjomba mwenye kiwanda cha mbao, unasema miti imeiva, kata, vijana wapate kazi.

Mimi ni mtoto wa Nax. Binamu yangu ana karakana ya fanicha Kaptembwa, anakula na kulipa renti kwa sababu ya saiprasi. Elburgon kama mji ulikuzwa na mbao. Wakati wa marufuku wasee walikaa kwenye vibaraza kuanzia asubuhi hadi jioni, mashine zikashika kutu, maduka yakafunga moja baada ya jingine. Kwa hivyo usinitarajie nisimame hapa nilie juu ya paini iliyopandwa miaka 30 iliyopita ili ikatwe mbao. Paini ya shamba la serikali ni kama mahindi, tofauti ni kwamba inachelewa kuiva. Ikifika wakati, vuna.

Lakini hebu angalieni venye hizi pande mbili zote zinafanana. Zote zinahesabu visiki. Mmoja anasema visiki vimezidi, mwingine anasema bado havijatosha. Zote mbili zinabishana kuhusu msumeno. Na huo msumeno, ile pawa mnayoisikia ikilia kutoka barabarani, unaua mti mmoja kwa wakati mmoja, na mti wenyewe ulikuwa umeiva. Baada ya pawa kuzimwa ndipo kinakuja chombo ambacho hakuna mtu anakibishania, na ndicho kinaamua kama hapo patakuwa na msitu tena. Trekta.

Kwa wale hamjawahi kufika, kazi iko hivi. Mti ukianguka, vijana wanakata matawi. Gogo linafungwa cheni. Trekta, mara nyingi ni ile ile ya kulima mashamba ya Njoro na Mau Narok, inarudi kinyumenyume, inashika cheni, inavuta. Gogo halibebwi, linaburutwa, na kichwa chake kinachimba ardhi kama jembe la plau. Dereva anataka kufika mahali lori linapakia, na halipwi kwa kuzunguka. Anapita pale panapofupi kwake. Gogo la pili lilianguka mita ishirini kando, kwa hivyo analifuata kwa njia nyingine. La tatu, njia nyingine. Kufika jioni hiyo sehemu yote imekuwa kama uwanja wa Afraha baada ya mechi ya mvua, ule wa zamani.

Sasa fikiria wewe ni mti wa urefu wa goti.

Kitu cha kwanza kinachokupata kinaeleweka na mtu yeyote: unakanyagwa. Cha pili ni kwamba hata kama tairi limekukosa, gogo linapita na kuondoa ule udongo mweusi wa juu, na huo ndio wenye mbegu. Kwa hiyo hata ndugu zako ambao hawajaota wamesombwa na kusukumwa kwenye rundo pale karibu na barabara. Haya mawili ukiwa na macho utayaona. Cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote na hakionekani kwa kamera, ndio maana hakijawahi kutrendi.

Udongo wa Mau Mashariki ni majivu ya volkano ya zamani sana. Ukiushika msituni mahali hapajakanyagwa, ni mwepesi hadi unashangaa, umejaa matundu kama maandazi yaliyoumuka vizuri. Katika hayo matundu ndimo maji yanaingia, ndimo hewa inakaa, ndimo mizizi midogo inapenya. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti mchanga iko katika zile sentimita 30 za juu. Sasa leta trekta ya tani kadhaa, ifungie gogo la saiprasi mbichi, na ufanye hivyo mwezi wa nne mvua ikinyesha, wakati udongo umelowa na kulainika. Matundu yanafungwa. Unabaki na kitu kama sakafu.

Mwaka jana nilienda kushuti video karibu na Elburgon, mahali palipokuwa pamevunwa si zamani. Sitataja ni kazi ya nani, na sijui, sikuuliza. Nilibeba mkebe wa Kimbo niliokata sehemu ya chini, chupa ya lita moja ya maji, na kipande cha nondo. Kando ya njia ya trekta, kwenye majani makavu, nilisukuma nondo kwa mkono mmoja ikaingia hadi karibu na kiwiko. Nikaweka mkebe, nikamwaga lita, nikageuka kuangalia simu, nilipotazama tena maji hayako. Nikarudi kwenye alama ya tairi, hatua nne tu. Nondo ilikataa hata nilipoiegemea kwa uzito wangu wote. Nikapachika mkebe, nikamwaga lita. Jamaa wa nduthi aliyenileta tukakaa, tukala maandazi, tukabishana kuhusu Arsenal, na maji bado yako pale yanatuangalia. Hiyo video ilipata viu mia tatu na kitu. Wiki iyo hiyo nilishuti mbuzi amepanda kwenye tuktuk, ikapata laki mbili. Sawa tu.

Kuna jambo moja ambalo watu wa sayansi ya misitu wanalijua kwa muda mrefu sana, na ukilishika hili umeshika posti yote. Madhara makubwa ya kushindilia udongo yanatokea trekta ikipita zile mara chache za kwanza. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya hapo udongo umeshakuwa mgumu, mara ya ishirini haiongezi sana. Maana yake ni hii: kupita mara hamsini kwenye njia moja ni afadhali mara nyingi kuliko kupita mara moja moja kwenye njia hamsini. Ukiwa na njia moja, umepoteza ukanda mwembamba na sehemu nyingine yote imepona. Ukiwa na njia hamsini umeua sakafu nzima ya msitu, na kila dereva ataapa kwamba yeye alipita hapo mara moja tu. Anasema ukweli pia. Hiyo mara moja ndiyo iliyofanya kazi.

Na udongo haurudi haraka. Juu juu unaweza kulegea kwa miaka michache, minyoo na mizizi ikifanya kazi yake. Chini zaidi ni miongo. Mtoto aliyezaliwa siku trekta inapita anaweza kumaliza chuo, na akakiacha kama mimi, kabla hiyo ardhi haijapona.

Najua nitaambiwa nini kwenye komenti, kwa hivyo acheni niwajibu mapema. "Boss, hiyo ni plantation, si msitu wa asili. Tunakata, halafu tunapanda upya." Sawa. Tuanze na hapo.

Panapopandwa upya, hupandwa kwa mfumo wa shamba, ule serikali inaita PELIS. Mwananchi anapewa kipande, analima viazi, mbaazi au maharagwe huku akitunza miche ya saiprasi au paini kwa miaka kama mitatu hivi, miti ikianza kufunika anaondoka. Mpango mzuri ukisimamiwa. Lakini mche wa kutoka kitaluni unapandwa kwenye udongo ule ule. Jembe la mama linavunja sentimita chache za juu, chini yake sakafu ya trekta bado iko. Shosho mmoja anayelima huko alinionyesha bila hata kuniuliza nasoma nini: mistari ya viazi inayokatiza njia ya zamani ya magogo, unaona viazi vinafupika ghafla, halafu vinarefuka tena upande wa pili. Na saiprasi ndani ya ule ukanda, wa umri sawa na wenzake, wamefika kiunoni wakati wenzake wamepita kichwa. Rangi yao kama chai ya maziwa. Shosho hana digrii ya udongo. Ana macho, na ana viazi vya kuuza Molo.

Halafu kuna jambo la pili ambalo "tutapanda upya" hailijibu. Mashamba ya paini yaliyokaa muda mrefu bila kuguswa hayabaki paini tupu. Ndege wanapita, tumbili wanapita, wanadondosha mbegu. Mashamba yaliyo karibu na msitu wa asili, na Mau imejaa mipaka kama hiyo, huanza kuota podo, mtarakwa, muiri, mzeituni mwitu, bila mtu kulipwa hata bob. Marufuku ilidumu zaidi ya miaka mitano. Fikiria ni miche mingapi ilipata miaka mitano ya amani kule chini.

Na muiri si mti wa mchezo. Gome lake huchemshwa dawa, linauzwa hadi Ulaya kwa dawa za tezi dume, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu miaka ya 1990 kwa sababu ulikuwa unamalizwa. Mbegu zake hazihifadhiki kirahisi. Zikikosa kuota mapema zinakufa, na podo ni hivyo hivyo. Kwa hivyo mti kama huo hauna akiba ya mbegu ndani ya udongo ya kusubiri miaka kumi. Akiba yake ni ile miche midogo iliyosimama kivulini. Ukipitisha trekta juu yake umeivunja benki, na hiyo benki haina tawi lingine.

Nikisema hivi watu wa 15 bilioni wananikasirikia. Mpango ulizinduliwa Desemba 2022: miti bilioni 15 ifikapo 2032, nchi ifike asilimia 30 ya kufunikwa na miti kutoka kama asilimia 12 iliyopimwa 2021. Tukapewa hadi likizo, tarehe 13 Novemba 2023, taifa zima likaambiwa lishike jembe. Tukapewa na app ya kurekodi mti uliopanda. Poa. Lakini hesabu ya aina hiyo ina jicho moja. Inaona mkono wa mtu ukiingiza mche kwenye shimo. Mti uliojiotea wenyewe hauna mpandaji, hauna picha, hauna kofia ya kampuni, kwa hivyo haupo. Na kitu ambacho hakipo ukikikanyaga hujafanya kosa. Ndio unakuta asubuhi watu wanapanda miche mia tano kando ya barabara, na kilomita tatu ndani trekta inafuta elfu kadhaa ambayo tayari ilikuwa na mizizi, na jioni kitabu kinaandikwa: tumeongeza mia tano.

Huo ndio uongo ninaoupinga, na siulaumu ukataji. Mche wa kitaluni una gharama: mbegu, mfuko, mbolea, maji, lori, mtu wa kupalilia, na bado wengi hukauka Januari. Ule wa chini ya paini ulishalipa gharama zake zote. Ulikuwa unaomba kitu kimoja tu, usikanyagwe.

Kama unadhani msitu utajitibu wenyewe tukiuacha, panda basi twende Uganda. Msitu wa Kibale, karibu na Fort Portal. Mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya sehemu zake zilivunwa mbao kwa mashine, nyingine kidogo, nyingine sana, nyingine hazikuguswa. Bahati nzuri ni kwamba watafiti walikuja wakakaa hapo kwa miongo, wakipima miti ile ile mwaka baada ya mwaka. Kwenye sehemu iliyovunwa sana, kama nusu ya miti iliharibika, na mingi kati ya hiyo haikuwa hata inatafutwa, iliangukiwa au ilipitiwa. Halafu wote walingoja ipone. Robo karne baadaye bado ilikuwa haijarudi kama ilivyotarajiwa. Mapengo yalimezwa na magugu na vichaka vizito, miche ikakosa nafasi, na ndovu wakapenda kula humo kwenye vichaka, wakavunja hata ile michache iliyojaribu. Sehemu iliyovunwa kidogo ilikuwa na hali nzuri zaidi. Msitu mmoja, mvua moja, ndovu wale wale. Kilichotofautiana ni uvunaji ulikuwa mzito kiasi gani.

Sasa njooni tuongee kuhusu kufanya kazi vizuri, juu hapa ndipo nakasirika kabisa. Hakuna sayansi ya roketi. FAO ilitoa mwongozo wa uvunaji wa misitu mwaka 1996. Nilikuwa sijazaliwa. Na kule Sabah, Malaysia, katika miaka hiyo hiyo ya 1990 walijaribu kuvuna kwa mpango upande mmoja na kwa mazoea upande mwingine, na ule wa mpango ukapunguza uharibifu kwa karibu nusu. Mpango wenyewe ni wa kawaida hadi unakera. Kabla pawa haijawashwa, mtu anatembea msituni na rangi, anachora njia ambazo trekta itapita, na hizo tu. Miti inaangushwa ikielekea kwenye njia. Trekta haitoki njiani; inasimama, inatoa kebo ya winchi, kijana anaivuta hadi kwa gogo, linavutwa kuja kwa trekta badala ya trekta kulifuata. Yale matawi yaliyokatwa, ambayo saa hii yanachomwa au kurundikwa, yanatandazwa njiani kama mkeka ili tairi likanyage matawi badala ya udongo. Na mvua ikinyesha, injini inazimwa. Siku mbili tatu. Ng'ombe wa kukokota magogo pia wapo Afrika Mashariki hii, na kwato za ng'ombe hazifanyi uharibifu wa tairi, lakini sitaki kubishana na wale watasema namrudisha babu yao kwenye picha.

"Hiyo ni gharama, tutafunga." Nimeisikia hiyo kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wenye mashine ndogo, ambao marufuku iliwamaliza na bado wana deni la chama. Nawaambia kwa heshima: njia iliyopangwa inapunguza kuzunguka, na kuzunguka ni dizeli. Ukijua gogo linatokea wapi kabla halijaanguka, trekta inafanya safari chache. Winchi ni pesa, ndiyo. Lakini winchi si lazima kila mtu anunue, na kama vyama vyenu vinaweza kuungana kwenda kortini na kwa Rais vinaweza kuungana kununua winchi. Gharama ya kuharibu ipo tayari, ni kwamba hamuilipi nyinyi. Inalipwa na shosho wa viazi, na inalipwa na msitu wa 2055.

Na Shirika la Misitu, KFS, lisijifiche nyuma ya wenye mashine. Leseni ni yenu. Sheria ya misitu ya 2016 inadai misitu ya umma iwe na mipango ya usimamizi, na mipango hiyo isiwe karatasi ya kabati. Jopo la serikali lililochunguza misitu mwaka 2018 liliwasuta wasimamizi wenu waziwazi kwa kushindwa kuzuia ukataji haramu, na wakati mwingine kushiriki. Basi mna nafasi ya kusafisha jina, na ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Anayeshinda zabuni ya kukata aweke amana. Akimaliza, askari wa msitu na mtu wa chama cha jamii wanatembea pale, wanapima ni sehemu gani ya ardhi imekanyagwa na wanahesabu miti midogo iliyobaki hai kwenye vipande walivyochagua kabla ya kazi. Imebaki, chukua pesa yako. Haijabaki, amana inalipa mwenye kulegeza udongo na kupanda. Utaona venye dereva atajifunza kupita njia moja bila semina yoyote ya hoteli Naivasha.

Kuna kitu kingine kinanikaa rohoni hapa. Waogiek wa Mau wamefukuzwa msituni mara ngapi kwa jina la kuulinda? Mahakama ya Afrika, Mei 2017, ilisema wazi kwamba serikali imevunja haki zao na kwamba uhifadhi hautoshi kuwa sababu ya kuwatoa. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Mtu mwenye mzinga wa asali ni adui wa msitu. Mtu mwenye trekta ana risiti. Na bado hatujaenda mwaka 2001, wakati zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa kwenye msitu kwa tangazo la gazeti rasmi. Wale walioweka sahihi hawakuwa na mizinga.

Kwa nyinyi wa Section 58 na Milimani mnaosema haya ni mambo ya kijijini, mto Njoro unaanzia huko juu Mau Mashariki na unaishia Ziwa Nakuru. Maji ambayo hayakuingia ardhini kwenye mkebe wangu wa Kimbo hayakupotea. Yanateremka na udongo mweusi juu ya ardhi, mvua ya siku moja mto unakuwa chai, wiki mbili jua likiwaka umebaki mawe. Sitawadanganya kwamba trekta ndiyo ilifurisha ziwa likameza geti la mbuga, hilo lina sababu nyingi na wataalamu bado wanavutana. Lakini ule udongo una mwisho wa safari, na mwisho wa safari ni kwetu.

Kuna atakayeandika "wewe hata chuo hukumaliza." Ni kweli, niliondoka mwaka wa pili, pesa ilikata. Lakini mkebe, nondo na lita ya maji havikuniuliza cheti, na havitakuuliza wewe pia.

Kwa hivyo naomba hivi. Kama uko Elburgon, Molo, Turi, Njoro, Dundori, Bahati au Londiani, na kuna mahali karibu nawe panavunwa, nenda baada ya wenyewe kumaliza, usiingie wakati wanaangusha, miti haina breki. Omba ruhusa kwa ofisi ya msitu. Pima upana wa alama za tairi kwa hatua. Hesabu ziko njia ngapi kutoka kisiki cha kwanza hadi mahali lori lilipopakia. Chora mraba wa mita moja kwa mita moja ndani ya njia na mwingine nje ya njia, uhesabu miche kwenye kila mmoja, upige picha mbili. Niambie kama ilikuwa imenyesha wiki hiyo. Usinitumie jina la kampuni wala sura ya dereva, yule ni kijana kama wewe anayetafuta unga. Nitumie ule mraba tu. Nikipata mia moja nitaziweka zote kwenye ramani moja, na nitaitagi KFS kila Jumatatu asubuhi hadi mtu wa huko aniambie njia ya trekta ilichorwa na nani, na kwa rangi gani.